Utepe Mbele ya Duka

Jumatatu, 3 Machi

Nimekuta utepe mbele ya duka. Wa plastiki, mistari myekundu na myeupe, umetoka kwenye nguzo ya umeme ukaja kuishia kwenye mpini wa mlango wangu, bila hata hodi. Nimeufungua nikautupa kwenye pipa la taka. Sijamaliza kutia uzi kwenye cherehani, kibarua wa halmashauri ameurudisha.

"Samahani mama, ni amri."

"Ya nani?"

"Ya baraza."

Baraza ninalijua. Linakuja kwangu kupunguziwa sketi.

Diwani wa kata yetu ni wifi yangu, dada mkubwa wa mume wangu, na mama yao tunaishi naye. Ndiyo maana naandika. Nyumbani nikifungua mdomo nitakuwa namsema mtoto wa mtu mbele ya mama yake. Dukani nako kuta zina masikio, tena ya jirani yangu muuza magodoro, tunayemwita Godoro, na kwa Godoro neno halilali.

Barabara yetu inakatisha mlango wa mto, pale mto unapokutana na bahari. Imejengwa juu ya tuta refu la udongo. Upande wa bahari mikoko ni kijani. Upande wa ndani imekauka yote, kwa sababu tuta liliyaziba maji ya chumvi yasipande. Sasa halmashauri imeamua kulikata tuta lake yenyewe na kutia makalavati makubwa, ili bahari ipite tena. Wanasema mwezi mmoja tu. Wanapokata ni hatua chache kutoka dukani kwangu. Nani ataleta kitambaa chake cha harusi kwenye ukingo wa shimo?

Alhamisi, 6 Machi

Mteja mmoja. Zipu.

Jumanne, 11 Machi

Wifi amepita dukani na mabuti ya mpira, tope hadi magotini, akakaa kwenye kiti cha wateja bila kutandika kitu. Ukutani kwangu pana picha yake kubwa, siku alipofungua barabara hii. Amevaa gauni nililomshonea mimi, na anakata utepe kwa mkasi wangu mimi.

Huo mkasi ni habari nyingine. Mkasi wa fundi haukati kitu kingine isipokuwa kitambaa. Mume wangu mwenyewe analijua hilo kuliko anavyoijua siku yangu ya kuzaliwa. Wifi aliuazima siku ile dakika ya mwisho, akakatia utepe wenye waya ndani, akaurudisha butu, wala hakusema lolote. Nami sikusema. Nimelihifadhi moyoni miaka hiyo yote, na linakaa vizuri tu.

"Wifi, hiyo picha huwezi kuitoa?" ameniuliza leo.

"Hilo ni tangazo langu la biashara. Gauni limekaa."

"Gauni limekaa. Barabara ndiyo haikukaa." Ameitazama picha muda mrefu. "Afisa misitu alituambia siku ile ile, hapa patakufa. Tukamwambia asubiri. Tulikuwa na haraka ya kupigwa picha."

Nimejisemea, ulimi wa kuombea kura huo. Alipoondoka nimepiga deki.

Jumatano, 12 Machi

Nimemlalamikia mume wangu kuhusu tope. Alikuwa anaziba pancha ya baiskeli ya mtu. "Mafahali wawili hawakai zizi moja," amesema, "na zizi lenyewe ni mimi."

Jumatano, 19 Machi

Mvua za kwanza. Wateja hakuna. Mama mkwe amenisindikiza dukani, akakaa mlangoni akitazama miti iliyokauka upande wa ndani. Akasema zamani mahali hapo palikuwa pa giza mchana, kwa wingi wa majani, na samaki wadogo walikulia humo kwenye mizizi kabla ya kutoka kwenda baharini. "Sasa watu wanashangaa nyavu zinarudi tupu. Watoto mmewanyima chumba cha kulala, mnataka watu wazima watoke wapi?"

Nimemwambia, mama, na mimi watoto wangu wanakula kwa cherehani hii. Amesema anajua.

Alhamisi, 27 Machi

Makalavati yamefukiwa. Yamelala chini ya barabara, ukiinama unaona mwanga upande wa pili. Utepe bado haujatolewa, wanasubiri bamvua la Jumapili, maji yatakapojaa kuliko siku zote. Yakipita, barabara inafunguliwa. Nimefagia hadi nje. Nimepachika magauni mapya dirishani.

Jumapili, 30 Machi

Watu walijaa tutani kama wanasubiri mechi. Wifi alikuwa mbele, na pembeni yake mhandisi wa halmashauri, kijana mwembamba wa miwani, mpole, anayeamkia hata watu anaowazidi umri. Mume wangu alifunga karakana. Hata Godoro alikuja, akakalia stuli aliyotoka nayo dukani.

Maji yakaja. Yalipanda polepole kwenye mkondo, yakabeba majani na povu, yakafika chini ya mdomo wa kalavati. Hapo yakasimama. Tulidhani yanapumzika. Tukangoja. Jiwe lililokuwa limelowa likaanza kukauka, ndipo tukajua yameshaanza kurudi.

Mhandisi alishuka tutani na viatu vyake vya ofisini, akazama hadi kwenye vigimbi, akapima kwa mkono kutoka mdomo wa kalavati hadi alama ya maji. Akabaki ameinama. Kisha akapanda, akageuka kututazama sote, wala hakushusha sauti.

"Nimekosea mimi," alisema. "Maisha yangu yote natega makalavati ya barabara. Ya barabara yanakaa juu, yanainamia chini, maji ya mvua yateremke yaende zake. Mkono umezoea. Nimeyatega kwa ajili ya mvua, nikasahau kwamba hapa ni bahari inayotakiwa kupanda."

Godoro alicheka, na mimi nikacheka. Kicheko chenyewe kilikuwa cha hasira, maana magauni yangu yalikuwa dirishani.

Wifi hakumkaripia. Alimwuliza, "Kurekebisha ni kufanya nini?"

"Kufukua yote. Kuyashusha hadi sakafu ya mkondo."

"Basi kaandike hivyo hivyo ulivyosema, upeleke barazani."

"Mheshimiwa, nitafukuzwa kazi."

"Tutafukuzwa wote. Barabara ni pana, tutatembea sambamba."

Jumatatu, 31 Machi

Wenye maduka tumekutana kwa Godoro, tumekaa juu ya bidhaa zake. Uamuzi: baraza lifukie shimo, lifungue barabara, mambo ya mikoko wayaachie miaka mingine. Nani aende kusema? Wote wakanigeukia mimi. "Wewe ni wifi yake," Godoro akasema, "wewe hatakukatiza."

Nimekubali. Nimekubali upesi, kabla hawajamaliza kuniomba.

Mume wangu aliposikia aliweka spana chini. "Mke wangu, utamwangusha dada."

"Yeye ameniangusha mimi kwanza."

Mama mkwe alikuwa chumba cha pili. Kwenye chakula cha jioni hata vijiko vilionekana kuona haya.

Jumatano, 2 Aprili

Mvua. Hakuna mtu.

Alhamisi, 3 Aprili

Mvua. Mtu mmoja aliingia, alikuwa anajikinga.

Jumamosi, 5 Aprili

Dirisha langu linatazama shimo, kwa hiyo nisipotaka kuona naona. Kila siku wifi yuko pale na mhandisi. Leo wamepima mkondo kwa kamba na fimbo tangu asubuhi, mwavuli mmoja kati yao, na huo mwavuli umefunika karatasi za vipimo, wao wameloa. Nilikuwa nikidhani diwani anakuja kwenye mradi siku ya picha tu. Mpiga picha sijamwona.

Alasiri ameingia dukani kujikausha.

"Nimesikia utasema barazani."

Nikajikaza. "Nitasema."

"Sema yote, wifi. Usinihurumie. Ila uombe upewe nafasi kabla ya chakula cha mchana. Wakishashiba hawasikii."

Sikujua nicheke au nini. Nimempa taulo. Nimempa lile zuri.

Alhamisi, 10 Aprili

Nimerudi kutoka barazani, naandika haraka kabla sijasahau, kwa hiyo unisamehe mwandiko.

Ukumbi wa halmashauri unavuja. Si tone la hapa na pale, unavuja kweli. Ndoo zimepangwa sakafuni, na karani anazunguka kuzimwaga huku kikao kinaendelea. Siku zote tumekuwa tukilicheka jambo hili pale barabarani, kwamba halmashauri isiyoweza kuziba paa lake itawezaje kuziba shimo letu. Leo mama mmoja aliyekaa karibu nami kwenye viti vya wananchi ameninong'oneza kwamba fedha za paa zilikuwepo. Mwaka jana madiwani walizipigia kura ziende kwenye makalavati. Walikubali wenyewe kukaa chini ya matone. Nilizitazama zile ndoo upya.

Mhandisi alisimama kwanza akasoma kosa lake, neno kwa neno kama alivyolisema tutani. Hakulizungusha. Diwani mmoja wa kata ya mbali akasema, tumeshajaribu, imeshindikana, tufukie. Wengi walitikisa kichwa kukubali. Tone likaangukia karatasi za mwenyekiti, akazisogeza kidogo, akaendelea kusikiliza.

Ndipo wifi aliposimama. Nilitarajia hotuba, maana hotuba zake nazijua, zina kona nyingi. Leo hakuwa na kona.

"Mhandisi alikosea kipimo," alisema. "Mimi nilikosea barabara. Niliambiwa, nikaifungua, nikakata utepe nikicheka, picha yangu bado ipo kwenye duka moja hapo barabarani. Kosa lake lina wiki chache. Langu limeua mlango mzima wa mto. Naomba tufukue, tushushe. Na naomba paa lisubiri tena. Sisi tukilowa tunakauka."

Akakaa. Nikaitwa mimi.

Nilikuwa nimeyapanga maneno yangu tangu Jumatatu ile. Nilisimama nikamwona ananitazama usoni, ametulia, na nikajua kweli hatanikatiza hata nikimvua nguo hadharani.

"Nimetumwa na wenye maduka," nilisema. "Wanasema mfukie. Hilo nimelifikisha, nisije nikaambiwa nimelila njiani. Na msidhani wanasema kwa ubaya. Tumeumia. Kuna siku cherehani yangu haijageuka hata mara moja."

Mwenyekiti akadhani nimemaliza.

"Sasa nasema langu. Mimi ni fundi. Nguo iliyoshonwa vibaya hainyooshwi kwa pasi, inafumuliwa. Inauma kufumua, uzi umeshaliwa, muda umeshaliwa, lakini ukiiacha, mteja atakutembezea aibu mji mzima. Fumueni. Ila anayefumua anamtafutia mteja pa kukaa. Mmetuzungushia utepe bila kutuuliza hata hali. Tupeni daraja la mbao la miguu, watu wavuke waje madukani, nasi tutawasubiri."

Mikono ilinyooshwa. Nilishindwa kutazama, nikatazama ndoo. Kufukua na daraja vilipita kwa tofauti ndogo sana, na mwenyekiti hakuacha hapo, alimwita mkuu wa maseremala mbele yetu akamwuliza mbao zipo lini.

Nje wifi alinikuta chini ya kibaraza. Nilidhani atanishukuru. Alisema, "Kumbe tulikufungia mlango kwa utepe siku zote hizi na hatukubisha hodi." Akaomba radhi. Mimi ndiye niliyelia, sijui kwa nini, na bado sijui.

Ijumaa, 11 Aprili

Godoro hajaniamkia. Nimemwamkia mimi. Amejibu kwa kikohozi.

Jumanne, 15 Aprili

Daraja limesimama. Maseremala wa halmashauri wamefanya kazi kwenye mvua, na mkuu wao ameweka kamba ya kushikia pande zote mbili bila kuombwa, akisema mama zetu watavuka hapa. Wa kwanza kuvuka alikuwa mama mkwe. Hakuwa na shida yoyote upande wa pili. Amevuka, akageuka, akarudi.

Alhamisi, 24 Aprili

Mapazia ya shule. Mapazia yote ya shule! Mwalimu mkuu amevuka na vitambaa kichwani.

Godoro ameuza, nimeona godoro linapita darajani na miguu miwili chini yake. Baadaye amekuja mlangoni kwangu, ameegemea.

"Fundi, daraja lako linatikisika."

"Wanaolala kwenye magodoro yako watashangaaje?"

Amecheka. Yamekwisha.

Jumatatu, 5 Mei

Mvua kubwa, shimo limejaa, pampu zinalia kutwa. Mhandisi yuko humo na vibarua. Nimemshonea suruali ya tatu. Hii nimeiwekea magoti mawili mawili, kitambaa juu ya kitambaa, na kwa mara ya kwanza nimemsikia akisema mzaha: kwamba akifukuzwa kazi ataomba kuwa sanamu yangu ya kuvalishwa nguo dirishani.

Jumanne, 13 Mei

Wifi ana homa. Amekuja hivyo hivyo, amejifunika shali, akasimama tutani akitetemeka. Mama mkwe amevuka daraja na fimbo yake kumfuata.

"Wewe, shimo litakukimbia?"

"Mama, nilikimbia mara moja nikaacha watu wafanye. Ndiyo hivi."

"Basi simama. Lakini simama ukiwa umeshiba." Na akamkalisha dukani kwangu akamnywesha chai kama mtoto wa chekechea, mheshimiwa diwani, mbele ya wateja.

Nilikuwa naona majivuno kwake kwa sababu hachoki kusema. Nilichokuwa sijaona ni kwamba hachoki kufanya pia. Nimechelewa kuona, na mtu huyu nilikuwa nachukua vipimo vyake kila mwaka. Najua kiuno chake kuliko nilivyomjua mwenyewe.

Jumatatu, 19 Mei

Makalavati yamekaa. Chini kabisa. Mhandisi ameyapima mara nyingi hadi vibarua wakamwomba aende nyumbani.

Jumanne, 27 Mei

Kesho bamvua. Udongo umerudishwa, lami bado, lakini gari linaweza kupita. Nimenoa mkasi nikautia mkobani. Hakuna aliyeniomba.

Jumatano, 28 Mei

Mvua imetuachia asubuhi. Alasiri watu walikuwa tutani, wachache kuliko mara ya kwanza. Wengi hawakutaka kuaibika mara mbili. Hapakuwa na kiti cha mgeni wa heshima wala kipaza sauti.

Nilimvuta wifi pembeni. "Nimekuletea mkasi. Safari hii usiurudishe butu."

Alinitazama. "Ulijua?"

"Tangu siku ile."

"Miaka yote hiyo, wifi?"

"Uliukatia waya."

Alicheka hadi akashika kamba ya daraja. Kisha akasema hakuna utepe wa kukata. Walikuwa wametengewa fedha kidogo za sherehe, wakazitia kwenye mbao za daraja langu. Nikahisi joto usoni, nikaurudisha mkasi mkobani.

Maji yakaja na majani yao na povu lao. Yakafika kwenye mdomo wa kalavati. Mhandisi alivua miwani, nadhani hakutaka kuona vizuri. Yakaingia. Hayakusimama wala kujiuliza, yaliingia tu kama mwenye nyumba, tukasikia chini ya miguu yetu sauti ya maji ikipita. Watu wote tulikimbilia upande wa pili wa barabara. Yakatokea upande wa ndani, yakatawanyika kwenye tope lile lililokufa, na mbele ya maji, kwenye ukingo wake kabisa, kulikuwa na visamaki vidogo sana, vingi, vinarukaruka.

Mama mkwe alivionyesha kwa fimbo. "Wamerudi chumbani," alisema.

Mhandisi alikaa chini barabarani kwenye udongo, na suruali yangu ya magoti mawili mawili. Godoro alimletea stuli. Mume wangu alikuwa kamshika dada yake bega.

Halafu wifi akaniita. Alikuwa amesimama mbele ya duka langu, pale penye ule utepe wa plastiki, mistari imefifia kwa mvua na jua, umefungwa bado kwenye mpini wa mlango wangu.

"Huu upo," alisema. "Barabara yako, fundi. Fungua wewe."

Nilitoa mkasi. Sijawahi kuukatia kitu kingine isipokuwa kitambaa, na nilijua plastiki itauharibu, tena ndani yake mna nyuzi ngumu. Nikakata. Watu wakapiga makofi, na gari la kwanza likapita polepole, likapiga honi, na chini yake bahari ilikuwa bado inaingia.

Mkasi umekuwa butu. Nitaunoa kesho.